Ameapa mara kumi, na chama chake hakijawahi kufika nusu: kumwelewa Nitish Kumar wa Bihar

Jumapili ya tarehe 28 Januari 2024, Nitish Kumar alimpelekea gavana barua ya kujiuzulu uwaziri kiongozi wa Bihar, jimbo la mashariki mwa India. Jioni ya siku hiyohiyo akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Bihar. Waliokuwa mawaziri wake asubuhi walilala wakiwa wapinzani, na waliokuwa wapinzani wake wakalala wakiwa wasaidizi wake. Agosti 2022 alikuwa amefanya jambo hilohilo kwa kuelekea upande wa pili, na Julai 2017 alilifanya vilevile. Novemba 2025 akaapa tena, mara ya kumi.

Kila habari kama hizi zinapotufikia, maswali huwa yaleyale. Uchaguzi ulifanyika lini? India haina sheria ya kuzuia watu kuhamahama vyama? Na wapiga kura wanampendea nini mtu wa namna hii? Majibu yapo, na mengi yake ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Tuanze na vyeo, maana hapo ndipo wengi hupotea kabla hata ya kufika kwenye siasa yenyewe.

Vyeo, vyama na namba moja ya kukumbuka

India ni shirikisho la majimbo 28. Kila jimbo lina serikali na bunge lake, na mwenye madaraka ya kila siku juu ya polisi, shule, hospitali na barabara za jimbo ni Waziri Kiongozi. Wazanzibari walikuwa na wadhifa wenye jina hilo hadi 2010, ila wa India ana nguvu zaidi kwa kuwa juu yake hakuna rais wa jimbo. Kuna gavana, na hapa msomaji wa Kenya awe mwangalifu: gavana wa India hapigiwi kura na wananchi wala haendeshi serikali. Huteuliwa na Rais wa India kwa ushauri wa serikali kuu ya Delhi. Kazi zake nyingi ni za kupokea barua, kuapisha watu na kusaini, isipokuwa siku ambayo haijulikani nani ana wabunge wengi. Siku hiyo cheo chake huwa na uzito mkubwa.

Waziri Kiongozi naye hapigiwi kura moja kwa moja. Wananchi wa Bihar huchagua wabunge 243 wa bunge la jimbo, liitwalo Vidhan Sabha, kwa kipindi cha miaka mitano. Anayeungwa mkono na wabunge 122 au zaidi ndiye anayeunda serikali. Wabunge hao wakibadili wanayemuunga mkono katikati ya miaka mitano, serikali hubadilika na hakuna raia anayerudi kituoni kupiga kura. Ishike hiyo 122, tutaihitaji hadi mwisho.

Vyama vya kuvijua ni vinne. BJP ni chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, chenye itikadi ya utaifa wa Kihindu. RJD ni chama cha Lalu Prasad Yadav, ambacho sasa kinaongozwa mbele ya umma na mwanawe Tejashwi. Congress, kilichotawala India kwa miongo mingi, huko Bihar kimebaki kuwa mshirika mdogo wa RJD. Cha nne ni Janata Dal (United), kwa kifupi JD(U), chama cha Nitish. Muungano wa BJP na washirika wake huitwa NDA. Wa RJD na washirika wake wanauita Mahagathbandhan, muungano mkubwa.

Mhandisi aliyeanza kwa kushindwa mara mbili

Nitish alizaliwa tarehe 1 Machi 1951 katika mji mdogo wa Bakhtiarpur, si mbali na Patna, makao makuu ya Bihar. Alisomea uhandisi wa umeme chuoni Patna. Mwaka 1974 aliingia katika vuguvugu la wanafunzi lililoongozwa na mzee Jayaprakash Narayan dhidi ya rushwa na serikali ya Congress, vuguvugu lililozaa kizazi kizima cha wanasiasa wa Bihar. Lalu alikuwa humo pia.

Aligombea kiti cha Harnaut mwaka 1977 akaanguka, 1980 akaanguka tena, 1985 akapita. Mwaka 1989 alichaguliwa kuingia Lok Sabha, bunge la taifa, kwa kiti cha Barh. Katika miaka hiyo alikuwa mmoja wa watu waliomsaidia Lalu kupanda, na 1990 Lalu akawa Waziri Kiongozi. Miaka minne baadaye walitengana, na sababu ya kutengana kwao inaeleza karibu kila alichofanya Nitish baadaye.

Siasa za Bihar haziwezi kuelezwa bila kutaja kasti, yaani jamii ambayo mtu huzaliwa ndani yake, kwa kawaida huoa au kuolewa humo, na ambayo zamani iliamua hata kazi atakayofanya. Serikali ya Bihar ilihesabu kasti na kutangaza matokeo tarehe 2 Oktoba 2023. Katika watu takribani milioni 130, Wayadav, jamii ya Lalu, ni asilimia 14.27. Wakurmi, jamii ya Nitish, ni asilimia 2.88. Lalu akiwaunganisha Wayadav na Waislamu, ambao ni kama asilimia 17.7, tayari ana karibu theluthi ya wapiga kura kabla hajafungua mdomo. Nitish akiwakusanya Wakurmi wote, hana kitu. Mwaka 1994 yeye na wenzake walilalamika kwamba siasa za kuwainua walioachwa nyuma zimegeuka kuwa neema ya kundi moja. Wakatoka na kuunda Samata Party pamoja na msoshalisti mwenzao George Fernandes.

Uchaguzi wa 1995 uliwaonyesha ukubwa wao halisi: viti 7 katika bunge lililokuwa na viti 324. (Bihar ilikatwa Novemba 2000 ili kuunda jimbo la Jharkhand, ndipo viti vikawa 243.) Mwaka 1996 wakashikana mkono na BJP. Wengi huanza kuhesabu kugeuka kwa Nitish mwaka 2013, lakini hatua iliyoamua maisha yake ya siasa ni hii ya 1996: msoshalisti wa vuguvugu la 1974 kukaa meza moja na chama cha mrengo wa kulia, kwa sababu peke yake hakuwa akifika popote.

Delhi ilimlipa haraka. Mwaka 1998 Atal Bihari Vajpayee, Waziri Mkuu kutoka BJP, alimteua kuwa Waziri wa Reli. Tarehe 2 Agosti 1999 treni mbili ziligongana Gaisal, Bengali Magharibi, zikaua zaidi ya watu 280, naye akajiuzulu. Alirudi serikalini baadaye kwa wizara nyingine, na reli akaishika tena kuanzia 2001 hadi 2004. Katikati yake kuna kituko cha Machi 2000: aliapishwa Waziri Kiongozi wa Bihar akiwa na wabunge 151 wakati nusu ya bunge la wakati ule ilidai 163. Alikaa siku saba, akaondoka kabla hata kura haijapigwa. Katika zile mara kumi za kuapa, hii ndiyo ya kwanza.

Kwa nini wa tatu ndiye anayetawala

Mwaka 2005 Bihar ilipiga kura mara mbili. Ya Februari haikutoa mshindi, bunge likavunjwa kwa pendekezo la gavana, na baadaye Mahakama ya Juu ikasema uvunjaji ule haukuwa halali. Katika uchaguzi wa Oktoba na Novemba NDA ilipata viti 143, na tarehe 24 Novemba 2005 Nitish akaanza utawala wake wa kweli. Miaka mitano baadaye, mwaka 2010, walipata viti 206 kati ya 243, JD(U) 115 na BJP 91. Hicho 115 ndicho kilele cha JD(U) hadi leo. Hata kileleni hakikufika 122.

Fikiria ndugu watatu waliorithi nyumba. Wawili wana sehemu kubwa, zinazokaribiana, na hawasalimiani. Wa tatu ana sehemu ndogo. Uamuzi wowote, kuuza au kupangisha, unahitaji zaidi ya nusu ya hisa. Mwenye sehemu ndogo ndiye atakayebembelezwa na wote wawili, na ndiye atakayetaja bei. Bei ya Nitish tangu 2005 imekuwa moja: kiti cha Waziri Kiongozi. Mawaziri, wizara nono, uspika, hayo yanazungumzika.

Lakini hila hii ina sharti, na yeye mwenyewe alilipia kulijua. Juni 2013 aliachana na BJP ilipokuwa ikimsimika Modi kuongoza kampeni ya taifa. Mwaka 2014 akaingia uchaguzi wa Lok Sabha bila upande wowote kati ya ile miwili mikubwa. Bihar ina viti 40 vya taifa; JD(U) ilipata kama asilimia 16 ya kura na viti 2. India hutumia utaratibu uleule tunaoujua Tanzania na Kenya: kila eneo lina kiti kimoja na mwenye kura nyingi hukichukua, hata kama ni asilimia 35 tu. Kwa hiyo chama kilichotapakaa jimbo zima kwa asilimia 16 huwa cha tatu karibu kila mahali, na wa tatu hapewi kitu.

Nitish alijiuzulu Mei 2014 na kumweka Jitan Ram Manjhi. Februari 2015 alimwondoa, akarudi mwenyewe. Kisha akafanya lisilodhaniwa: akaenda kwa Lalu, hasimu wake wa miaka ishirini. Katika uchaguzi wa 2015 JD(U) ilipata asilimia 16.8 ya kura, karibu sawa na mwaka uliotangulia, lakini safari hii ikavuna viti 71. Kura ni zilezile, tofauti ni kwamba katika kila eneo la uchaguzi mshirika mmoja alimwachia mwenzake uwanja na kumpigia kampeni. Ukitaka kuelewa kwa nini vyama vya India huvutana kwa majuma juu ya nani agombee wapi, sababu ndiyo hiyo. Mwaka 2025, kwa mfano, NDA iligawana hivi: BJP maeneo 101, JD(U) 101, chama cha Chirag Paswan 29, na vyama viwili vidogo 6 kila kimoja. Jumla 243, hakuna eneo ambalo wawili wao walipangiwa kukutana. Mwaka 2020 Paswan huyohuyo alikuwa amesimamisha wagombea wake dhidi ya wa JD(U), na JD(U) ikaporomoka hadi viti 43.

Sasa tuhesabu geuzo zenyewe.

Bunge la 2015: RJD 80, JD(U) 71, Congress 27, BJP na washirika wake 58. JD(U) na RJD na Congress ni 178. JD(U) na upande wa BJP ni 129. Milango yote miwili inapita 122. RJD na Congress bila Nitish ni 107, BJP bila Nitish 58. Julai 2017, Tejashwi, aliyekuwa naibu wake, alipotajwa katika kesi ya tuhuma za rushwa na kukataa kujiuzulu, Nitish alijiuzulu tarehe 26, akaapishwa na BJP tarehe 27, na tarehe 28 akashinda kura ya imani kwa 131 dhidi ya 108. Linganisha na hesabu ya karatasi: 129 kwa 107.

Bunge la 2020: NDA 125, ndani yake JD(U) 43 tu na BJP 74. Mahagathbandhan 110. Hapa ndipo watu walipoona amekwisha, kwa kuwa alitoka na viti vichache kuliko mshirika wake BJP na kuliko mpinzani wake RJD. Lakini 125 ukitoa 43 zinabaki 82. Na 110 ukiongeza 43 zinakuwa 153. Agosti 2022 alitoka kwa BJP akaenda kwa RJD, Januari 2024 akarudi kwa mlango uleule, na mara zote mbili aliyebaki nje hakuwa na la kufanya ila kususia kikao.

Wanaomcheka kwa kumwita Paltu Ram, yaani bwana kigeugeu, wanasema kweli kuhusu tabia. Ila tabia peke yake haijengi serikali. Kigeugeu mwenye viti 43 katika bunge ambamo mtu mwingine ana 130 angekuwa mbunge wa kawaida tu wa upinzani.

Kinachofanyika ndani ya siku moja

Kubadili serikali bila uchaguzi kuna hatua zake, na ukizijua habari za Patna hazikuchanganyi tena.

Kwanza Waziri Kiongozi huenda ikulu ya gavana na kukabidhi barua ya kujiuzulu. Akijiuzulu yeye, baraza lote la mawaziri limeanguka. Ndiyo maana hahitaji kumfukuza waziri mmojammoja wa chama anachokiacha. Gavana humwomba aendelee kukaimu mpaka mwingine apatikane. Hapohapo, wakati mwingine saa chache baadaye, wabunge wa muungano mpya hukutana na kumchagua kiongozi. Kinachofuata ndicho karatasi muhimu kuliko zote: barua za kumuunga mkono zenye orodha ya wabunge. Agosti 2022 Nitish alimpelekea gavana orodha ya 164. Gavana akiridhika humwalika aunde serikali, na kiapo hufuata. Baraza la mawaziri lina kikomo cha asilimia 15 ya wabunge, kwa Bihar ni watu 36 pamoja na Waziri Kiongozi, kwa hiyo siku za mwanzo mara nyingi huapishwa wachache na nafasi nyingine huachwa wazi kwa ajili ya mivutano itakayokuja.

Barua za gavana bado si ushahidi wa mwisho. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bommai mwaka 1994, inakubalika kwamba mahali pa kupima wingi ni ukumbi wa bunge, si sebule ya gavana. Kwa hiyo huja kura ya imani. Kabla yake kuna kikwazo ambacho vyombo vingi hukiruka: spika. Spika aliyepo huwa ni wa upande wa zamani, na yeye ndiye mwenye kiti na mwenye kuamua kesi za wabunge waliohama. Tarehe 12 Februari 2024 wabunge wa Bihar walimwondoa kwanza spika wa RJD kwa kura 125 dhidi ya 112, kisha wakapiga kura ya imani, Nitish akapata 129 na upinzani ukatoka nje.

Kati ya kiapo na kura hiyo zilipita wiki mbili. Hicho ndicho kipindi cha hatari, ambapo vyama hukusanya wabunge wao katika nyumba moja au hoteli na kuwachunga. Siku ya kura ile wabunge watatu wa RJD walikaa upande wa serikali.

Na sheria ya kuhama chama je?

Ipo, na ni kali, ila inamlenga mtu mwingine.

Marekebisho ya 52 ya Katiba, mwaka 1985, yaliweka Jedwali la Kumi. Mbunge akijitoa kwa hiari katika chama kilichompeleka bungeni, au akipiga kura kinyume na agizo la mnadhimu wa chama chake, anaweza kupoteza kiti. Hapo mwanzo theluthi moja ya wabunge wa chama waliweza kujimega bila adhabu. Marekebisho ya 91 ya mwaka 2003 yaliufuta mwanya huo na kubakiza mmoja, wa theluthi mbili kukubali kuungana na chama kingine.

Msomaji wa Tanzania haoni ugeni mkubwa hapa. Mbunge wetu akitoka chamani hupoteza ubunge, na wale waliohama kati ya 2017 na 2019 kwa kile kilichoitwa kuunga mkono juhudi walilazimika kurudi kwa wapiga kura katika chaguzi ndogo. Tofauti ni kwamba Nitish hajahama. Tangu 2003, Samata ilipoungana na wengine, amekuwa mtu wa JD(U) hadi leo. Kilichohama ni chama kizima, kutoka muungano mmoja kwenda mwingine, na muungano ni mapatano ya kisiasa ambayo Jedwali la Kumi halikuyagusa. Tena sheria hiyo humsaidia: mbunge wa JD(U) ambaye hakupenda kurudi kwa BJP mwaka 2024 alikuwa na hiari mbili, kutii agizo la mnadhimu au kuhatarisha kiti chake. Sheria iliyotungwa kuwabana wahamaji imewafunga wabunge wadogo kwenye mkokoteni wa kiongozi, popote aelekeapo.

Kuna jingine linalowatatiza watu: eti Waziri Kiongozi anawezaje kutokuwa na jimbo la uchaguzi? Bihar ni moja ya majimbo sita tu yenye bunge la pili, Baraza liitwalo Vidhan Parishad, lenye wajumbe 75 ambao hawachaguliwi kwa kura ya wananchi wote. Katiba inamruhusu asiye mjumbe wa nyumba yoyote kuwa waziri kwa miezi sita, na ndani ya muda huo lazima apate kiti. Nitish alipoapishwa Novemba 2005 alikuwa mbunge wa taifa. Mwaka 2006 akaingia Barazani, na ni kutokea humo alikoongoza jimbo chaguzi baada ya chaguzi. Ni halali. Kama inapendeza, hilo ni suala jingine. Mimi naona kiongozi anayeomba kura za watu wote angejipima walau katika eneo moja.

Na hizo mara kumi? Tano zilifuata chaguzi: 2005, 2010, 2015, 2020 na 2025. Moja ni ile ya siku saba ya 2000. Nne zilizobaki, Februari 2015, 2017, 2022 na 2024, hazikuwa na kura ya mwananchi yeyote. Anayesema amechaguliwa mara kumi amekosea kwa nusu.

Wanamsamehea nini

Hesabu za bungeni hazielezi kwa nini zile asilimia 15 au 16 hazikumkimbia. Watu wa Bihar waliokuwa watu wazima mwaka 2005 wana jibu lao: barabara, umeme, na kuweza kutembea jioni. Mahakama za haraka chini ya sheria ya silaha ziliwafunga watu wenye bunduki waliokuwa wakitamba miaka ya nyuma. Hapo ndipo alipopewa jina jingine, Sushasan Babu, bwana utawala bora.

Kisha kuna wanawake, na hapa ndipo alipotengeneza msingi ambao kasti yake haikumpa. Mwaka 2006 Bihar ilitenga nusu ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake, kabla ya jimbo lolote jingine. Mwaka huohuo ulianza mpango wa kuwapa wasichana wa darasa la tisa rupia 2,000 wanunue baiskeli, kwa sababu sekondari zilikuwa mbali na wasichana walikuwa wakiishia darasa la nane. Baadaye alitenga asilimia 35 ya nafasi za polisi, kisha za kazi za serikali. Wakati huohuo alizigawa jamii za chini katika mafungu: mwaka 2007 aliunda tume kwa ajili ya maskini zaidi kati ya Wadalit, jamii za chini kabisa katika ngazi ya kasti, na akaziinua jamii zilizoachwa nyuma kupita kiasi, ambazo katika hesabu ya 2023 zilionekana kuwa asilimia 36 ya watu wote. Humo hamna kasti moja kubwa ya kutamba, kwa hiyo hamkuwa na mwenyewe.

Marufuku ya pombe ya Aprili 2016 nayo ilikuwa ahadi kwa wanawake. Ni sera yake yenye utata kuliko zote. Mahakama Kuu ya Patna iliitengua tarehe 30 Septemba mwaka huo, na siku mbili baadaye serikali ikaanza kutumia sheria mpya. Matokeo yake ni magereza na mahakama kujaa kesi za vileo, jimbo kupoteza kodi, na pombe haramu: Desemba 2022 makumi ya watu walikufa wilayani Saran kwa kunywa sumu. Mwaka 2022 sheria ililegezwa, anayekamatwa mara ya kwanza kwa kunywa akaruhusiwa kulipa faini ya rupia 2,000 hadi 5,000. Haikufutwa, na anayejua nani humpigia kura Nitish haoni ajabu.

Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilianza kuweka rupia 10,000 katika akaunti za wanawake, milioni 7.5 kwa mkupuo wa kwanza, kama mtaji wa biashara ndogo. Wapinzani waliita hongo. Novemba, karibu asilimia 72 ya wanawake walioandikishwa walipiga kura, wanaume karibu 63.

Delhi, kisha 2025

Juni 2023 viongozi wa upinzani wa India nzima walikutana Patna kwa mwaliko wa Nitish, na kutokana na mkutano ule ukazaliwa muungano wa INDIA dhidi ya Modi. Miezi saba baadaye mwenyeji alikuwa upande wa Modi. Uchaguzi wa taifa wa 2024 ulimpa viti 12, na kwa kawaida 12 kati ya 543 si kitu. Lakini BJP ilipata 240 wakati nusu ni 272. NDA nzima ilikuwa na 293. Ukitoa 12 za JD(U) na 16 za chama cha TDP cha Andhra Pradesh zinabaki 265. Hesabu ileile ya Bihar, katika ukumbi mkubwa zaidi. Hakupata kila alichotaka: ombi la Bihar kupewa hadhi maalumu ya kifedha lilikataliwa Julai 2024, ila bajeti ya wiki hiyo ilitenga rupia bilioni 260 kwa barabara za jimbo hilo.

Uchaguzi wa Novemba 2025 ulimrudishia JD(U) viti 85, karibu mara mbili ya vile vya 2020. Vichwa vya habari vilisema Nitish amefufuka. Viti ni kweli vimefufuka, nguvu ya kutaja bei ni jambo jingine. NDA ilipata 202: BJP 89, JD(U) 85, Paswan 19, vyama viwili vidogo 5 na 4. BJP na washirika wengine bila JD(U) walikuwa na 117, bado walimhitaji, ingawa pengo lilibaki viti vitano. Upande wa pili RJD ilianguka hadi 25, na Mahagathbandhan nzima ikapata 35. Jumlisha 35 na 85 upate 120. Kufika 122 angelazimika kuongeza AIMIM, chama cha Asaduddin Owaisi chenye viti 5, ambacho RJD yenyewe ilikataa kukiingiza katika muungano wake kabla ya uchaguzi.